Uso wa Mgeni Rasmi, Dakika ya Themanini na Tisa

Nchi yetu haina matatizo. Nalisema hili mapema ili msomaji asisumbuke kuyatafuta. Tuna mambo machache yanayoshughulikiwa, mengine yanashughulikiwa tangu bibi yangu akiwa msichana, lakini matatizo hatuna. Hata vijana wanaomaliza vyuo walipozidi nafasi za kazi, serikali haikuliita jambo hilo tatizo. Ililiita mashindano.

Utaratibu ni huu. Kila mwaka serikali hutangaza nafasi thelathini za kazi. Zamani vijana waliitwa kwenye usaili, lakini usaili ulileta manung'uniko, maana kila aliyekosa alisema kaonewa. Serikali ikaona mpira hauna manung'uniko. Mpira umeingia au haukuingia, basi. Ndipo likaanzishwa Kombe la Ajira. Vyuo hushindana, na chuo kinachotwaa kombe, wahitimu wake huchukua nafasi zote thelathini, ziwe za nini na ziwe wapi. Fainali ikiisha kwa sare, kombe hubaki kwa bingwa mtetezi. Waliokosa wanatakiwa kushangilia.

Mwaka ninaousimulia walifika fainali Chuo cha Ualimu na Chuo cha Mifugo. Mifugo ndio waliokuwa wanalishikilia kombe. Mshambuliaji wa Ualimu alikuwa kijana wa mtaani kwetu, Machano, mrefu, mwenye miguu iliyopinda kidogo kama mabano. Machano alikuwa na sababu yake ya kuutaka ushindi kuliko wenzake wote, na mtaa mzima tuliijua.

Alikuwa anamtaka Chausiku. Naye Chausiku, ambaye hukaanga mihogo na kuiuza, alikuwa anamtaka Machano. Kizuizi kilikuwa baba yake Chausiku, Mzee Shekue, fundi cherehani.

"Kijana, mimi nakupenda," Mzee Shekue alimwambia mbele za watu. "Una adabu, unasalimia, na meno unayo yote. Lakini binti yangu hatakula salamu. Niletee barua ya ajira, siku hiyo hiyo nakata kitambaa cha harusi."

"Na nikikosa mwaka huu, mzee?"

"Ukikosa, kuna karani wa mizani pale sokoni. Wazee wake wamekwisha kuja mara mbili kuniulizia afya. Na mimi sijawahi kuumwa."

Kwa hiyo Machano alikwenda kwenye fainali akiwa na kazi ya kufunga goli moja tu.

*

Kabla sijafika uwanjani, nieleze habari ya kamera.

Kamera za taifa tunazo mbili. Zinaongozwa na Waraka Namba Saba, usemao kwamba kamera haitamgeuzia mgongo Mgeni Rasmi. Basi kamera ya kwanza hutazama uso wa Mgeni Rasmi. Ya pili nayo hutazama uso wa Mgeni Rasmi, endapo ya kwanza itapitiwa na usingizi. Sisi tunaotazama mpira kwenye televisheni tumezoea. Tukiona kiongozi anapiga makofi, tunajua kuna mtu kafunga. Akipokea soda, tunajua ni mapumziko.

Mwaka huo serikali ilileta pia mtambo wa marudio, unaomwezesha mwamuzi kuliona tena jambo lililokwisha kupita. Mtambo ulizinduliwa kwa hotuba ya saa mbili. Kisha hotuba ikarudiwa yote, ili kuujaribu mtambo.

Mgeni Rasmi wa fainali alikuwa Mheshimiwa Daktari Mwinyipembe, Waziri wa Michezo, Sherehe na Utulivu. Alifika dakika ya themanini na nane. Alikuwa amejitahidi sana, kwa sababu mwaka uliotangulia fainali ilikuwa Jumamosi, naye alifika Jumatatu.

Matarumbeta yalipolia, uwanja mzima tulisimama na kuligeukia jukwaa kuu, kama inavyotakiwa. Wachezaji wanaruhusiwa kuendelea kucheza, ila shingo zao zielekee kwa mgeni. Wanafundishwa chuoni, na wengi wanaweza kukimbia uwanja mzima shingo zikiwa upande wa jukwaa. Kipa wa Mifugo alikuwa hodari zaidi ya wote kwa jambo hilo. Aligeuza shingo na kiwiliwili, akapiga na saluti.

Machano akasahau shingo yake.

Mimi sikuona kilichotokea, nilikuwa nimesimama kwa heshima. Watu elfu nne tulikuwa tumesimama kwa heshima. Tulichosikia ni kishindo cha mguu, kisha sauti ya nyavu, kisha Machano akipiga kelele kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nyuma ya lango kukawa na mlio mwingine, kama bati limegongwa. Mwamuzi, Bwana Kibwana, kwa kuifuata ile sauti ya nyavu, alipuliza filimbi na kuonyesha katikati ya uwanja. Goli!

Tukashangilia tukiwa bado tumegeukia jukwaa. Machano alikimbia hadi upande wetu, akavua jezi, akaonyesha kidole kule nyuma ya lango alikokuwa Chausiku na mihogo yake. Mzee Shekue, aliyekuwa mbele yangu, alitoa futi yake ya kupimia nguo akaanza kumpima mabega jirani yake, kwa furaha.

Ndipo kocha wa Mifugo akachora sanduku hewani kwa vidole viwili. Maana yake alikuwa anataka marudio.

*

Bwana Kibwana aliingia kwenye kibanda cha mtambo. Fundi akamrudishia dakika ya themanini na tisa mara sita. Alimwonyesha kwa kasi, kwa taratibu, na hata kwa kurudi kinyumenyume. Mara zote sita Bwana Kibwana aliuona uso wa Mheshimiwa.

"Mpira uko wapi?" aliuliza.

"Mpira si mgeni rasmi, bwana," fundi akamjibu.

Bwana Kibwana ni mtu mwaminifu. Sheria inasema mwamuzi aamue kwa kile anachokiona kwenye picha. Akavuta kiti, akautazama ule uso kwa makini. Mdomo ulikuwa umepanda upande wa kushoto. Jicho moja lilikuwa limefumba. Pua ilikuwa imetanuka kama inayotaka kuondoka. Akakaa nao dakika kumi na moja, na sisi tukasubiri juani.

Alipotoka alishika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "picha ni wazi. Goli lilipofungwa, Mgeni Rasmi alikunja uso. Goli halikumpendeza. Kwa hiyo goli halipo."

Mchezo ukaisha sare ya bila kwa bila. Mifugo wakapewa kombe. Mzee Shekue akaikunja futi yake polepole akairudisha mfukoni. Waliokosa wakashangilia kama wanavyotakiwa, lakini nilisikia wengine wanashangilia kwa meno.

*

Kesho yake magazeti yote yalitoa picha ya ule uso, ukurasa wa mbele, na nchi ikagawanyika. Upande mmoja walikuwa Watabasamu, walioamini Mheshimiwa alitabasamu na goli ni halali. Upande wa pili walikuwa Wakunjauso. Hakuna aliyeweza kunyoa, kununua mkaa wala kuzika bila kuulizwa kwanza yuko upande gani.

Kwetu mabishano yalikuwa kwenye kibanda cha kinyozi Pazi, ambaye ni Mtabasamu. Aliibandika picha juu ya kioo. Mpinzani wake alikuwa Dunga muuza mkaa, Mkunjauso, ambaye alikuja kunyolewa kila siku ingawa hana nywele.

"Tazama mdomo huo," alisema Pazi, wembe mkononi. "Umepanda au haukupanda? Mdomo wa hasira hushuka!"

"Umepanda upande mmoja," alisema Dunga. "Upande wa pili ulibaki kukataa."

"Wewe Dunga ukicheka unacheka pande mbili?"

"Mimi si waziri. Waziri lazima acheke pande zote, ana wananchi pande zote."

"Na jicho lile? Alikonyeza! Mtu aliyechukia anakonyeza?"

"Mke wangu akichukia hufumba jicho hilo hilo. La kushoto. Nikiliona naenda kulala kwa kaka."

"Basi tatizo ni mkeo, usimsingizie Mheshimiwa!"

"Mke wangu usimtaje, Pazi, nitakupaka mkaa huo uso wako tuone kama utatabasamu!"

Watu wakacheka mpaka benchi likayumba. Mmoja akasema ule ni uso wa mtu mwenye kiatu kinachobana. Mwingine akasema ni wa mtu aliyekumbuka kwamba hakufunga mlango. Ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Kwa mara ya kwanza watu wa mtaa wetu tulikuwa tunamjadili kiongozi hadharani, jino kwa jino, na polisi waliopita walisimama wakatoa maoni yao.

Hapo Chausiku, aliyekuja kuuza mihogo, aliuliza kwa sauti ndogo, "Lakini mpira uliingia?"

Dunga alitazama chini. Pazi akaanza kuufuta wembe uliokuwa umekwisha futwa.

"Chausiku mwanangu," alisema hatimaye, "hapa kuna watu wazima."

*

Baada ya wiki mbili jambo lilikuwa kubwa. Watu walikuwa wamejifunza kwamba kilichokwisha kutokea kinaweza kuondolewa kwa kutazamwa upya, na wakalipenda wazo hilo. Mwanamume mmoja alikwenda kwa kadhi kuomba marudio ya ndoa yake, akisema kwenye picha ya harusi babu yake amekunja uso. Wanafunzi wa darasa la saba waliomba marudio ya mtihani wa hesabu. Mkuu wa wilaya alipiga chafya kwenye mkutano wa kijiji, na kijiji kizima kikahama wakidhani wamekataliwa.

Serikali ikaunda Tume ya Kuutazama Uso. Mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mstaafu Ngwali, mtu mwenye sauti nzito, ambaye hasemi neno kabla ya kulisafisha koo lake. Wajumbe walikuwa daktari wa meno, mpiga picha za vitambulisho, na balozi wa zamani aliyewahi kukunjiwa uso katika nchi kumi na saba.

Mtu mgeni angesema, si wamuulize tu Mheshimiwa mwenyewe? Haiwezekani. Kumuuliza kiongozi alihisi nini ni kudai kwamba alihisi kitu bila kushauriwa. Mheshimiwa mwenyewe, tulivyosikia, alikuwa hakumbuki. Alikuwa ameajiri mtu wa kumkalisha mbele ya kioo kila asubuhi ajifunze kutokuwa na uso kabisa, ili nchi isimsome tena vibaya.

Wakati huo huo vijana wa Mifugo walikuwa wameanza kupewa barua za ajira. Shule zilikuwa zinafunguliwa, kwa hiyo nafasi za ualimu, ambazo zilikuwa kumi na tano, ziligawiwa kwanza. Asubuhi moja tuliwaona mabwana mifugo kumi na watano wanapanda lori kwenda kufundisha shule za msingi, wamevaa mabuti ya mpira.

Na wazee wa karani wa mizani walikuja mara ya tatu kumuulizia Mzee Shekue afya yake. Safari hii walileta kuku.

"Baba, usimpokee huyo kuku," alisema Chausiku.

"Kuku hana kosa."

"Machano alifunga."

"Nani kaona?" Mzee Shekue aliuliza. "Mimi nilikuwa nimegeukia jukwaa. Mwamuzi kageukia jukwaa. Kipa kageukia jukwaa. Machano anasema kaona, lakini Machano ndiye mchumba. Nitajie mtu mmoja aliyekuwa anautazama mpira, mmoja tu, nimrudishe huyu kuku leo."

Chausiku akatia maji ndoo, akanawa uso, akavaa gauni la kitenge alilolitunza, akaenda kwenye Tume.

*

Tume ilikaa ukumbi wa halmashauri, na spika zilifungwa nje ili wananchi tusikie. Siku hiyo walikuwa wamekwisha kumsikiliza kinyozi wa Waziri, mwalimu wake wa darasa la pili, na mtaalamu aliyeupima uso kwa bikari na kuthibitisha kwamba una upana. Chausiku alisimama mbele ya meza yao, mikono nyuma.

Jaji Ngwali alisafisha koo. "Shahidi, wewe ni mtaalamu wa nyuso?"

"Hapana, mzee. Nakaanga mihogo."

"Basi umekuja kusema nini kuhusu uso wa Mheshimiwa?"

"Sikuuona uso wa Mheshimiwa. Niliuona mpira."

Nje, tulisikia spika zikikwaruza. Hata wauza karanga waliacha kutembea.

"Eleza," alisema Jaji.

"Nilikuwa nyuma ya lango na karai langu. Machano alipiga, mpira ukaingia. Nyavu zile ni za zamani, zina tundu pale kushoto. Mpira ukapita kwenye tundu ukaja kwangu, ukaangukia kwenye karai. Mafuta yakaruka. Bakuli la pilipili ya unga likapinduka, pilipili yote ikamwagikia moto. Hapa mkononi ndipo nilipoungua." Akaonyesha.

Daktari wa meno alivaa miwani akautazama mkono, akautangaza kuwa mkono.

"Binti," alisema Jaji, na sauti yake sasa ilikuwa nzito zaidi, "fikiri kabla ya kujibu. Dakika ya themanini na tisa Mgeni Rasmi alikuwa anaingia. Kila raia alitakiwa kusimama na kumwelekea. Wewe ulimwelekea nani?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Akisema alimwelekea Mheshimiwa, hakuuona mpira, na goli halipo. Akisema aliuona mpira, amekiri kumgeuzia mgongo Mgeni Rasmi, na adhabu yake ni kutouza chochote uwanjani kwa mwaka mzima. Uwanja ndio riziki yake.

Mzee Shekue, ambaye alikuwa amemfuata binti yake na sasa yuko mlangoni, alipiga kelele, "Chausiku, mwanangu, sema hukumbuki! Twende nyumbani!"

"Nakumbuka, baba," alisema Chausiku, bila kugeuka. "Mzee Jaji, nilimpa mgongo Mheshimiwa. Mihogo ilikuwa inaungua. Mpira ulivuka mstari, na aliyeupiga ni Machano."

Kisha yule mpiga picha za vitambulisho, ambaye siku zote hizo hakuwa amesema neno, akanyoosha kidole.

"Mwenyekiti, moshi wa pilipili ulikwenda wapi?"

Chausiku akafikiri. "Upepo ulikuwa unaelekea jukwaa kuu."

Wajumbe wakakutanisha vichwa wakanong'onezana. Fundi wa mtambo akaletwa. Aliulizwa kama picha zilikuwa zinaendelea baada ya pale zilipokatwa. Akajibu kwamba zilikuwepo sekunde tatu zaidi, lakini alizifungia kwenye kabati, kwa sababu Waraka Namba Saba hauruhusu kumwonyesha kiongozi akiwa katika hali ya kawaida. Jaji akaamuru zionyeshwe. Wajumbe wote, kwa adabu, waligeukia ukutani wakati zinaonyeshwa, wakasikiliza tu.

Na sisi nje tukasikia kwenye spika, wazi kabisa, sauti ya taifa ikipiga chafya.

*

Hukumu ilisomwa kesho yake. Ilikuwa na kurasa mia moja na arobaini, na nyingi zilikuwa za kumtakia Mheshimiwa afya njema. Jambo lenyewe lilikuwa ukurasa wa mwisho.

"Tume imejiridhisha," alisoma Jaji Ngwali, "kwamba katika dakika ya themanini na tisa uso wa Mheshimiwa haukuwa tabasamu, wala haukuwa umekunjwa. Ulikuwa njiani. Ulikuwa unaelekea kwenye chafya. Chafya ilitokana na moshi, moshi ulitokana na pilipili, pilipili ilimwagwa na mpira, na mpira usingefika kwenye karai bila kupita golini. Kwa hiyo uso wa Mheshimiwa wenyewe ndio uliothibitisha goli, kabla hata ya wananchi kulitambua. Hii inaonyesha upeo wa Mheshimiwa. Goli ni halali. Chuo cha Ualimu ndio mabingwa. Muuza mihogo asionekane uwanjani mwaka mmoja."

Mtaa ulilipuka. Pazi alimnyoa Dunga bure, na Dunga akakubali kwamba chafya si upande wowote, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Machano alibebwa juu juu mpaka mlangoni kwa Mzee Shekue, akawekwa chini kwa heshima, akaanza kuisubiri barua yake.

Lakini hapo palikuwa na jambo la kushughulikiwa. Nafasi za ualimu zilikuwa zimekwisha kujazwa na mabwana mifugo, na mtu akisharipoti kazini hatolewi, maana kumtoa kunahitaji fomu ambayo bado inachapishwa. Zilizobaki zilikuwa nafasi kumi na tano za mifugo. Wizara ikatoa taarifa kwamba serikali haitofautishi watoto wake, na walimu kumi na watano wakapangiwa majosho ya ng'ombe.

Machano alimletea Mzee Shekue barua akiwa ameinamisha kichwa. Mzee alivaa miwani, akaisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno.

"Hapa wameandika nini?"

"Bwana Mifugo Msaidizi, josho la Mkongeni," alisema Machano. "Mzee, mimi sijui hata ng'ombe anaanzia wapi."

"Nimekuuliza habari za ng'ombe? Hapa juu wameandika nini?"

"Barua ya ajira."

"Na muhuri?"

"Upo."

Mzee Shekue akampa Chausiku kuku wa wazee wa karani. "Mrudishe. Waambie mimi mzima." Kisha akatoa futi, akamgeuza Machano kwa bega, akaanza kumpima kanzu.

*

Walioana baada ya wiki tatu. Chausiku hakuungoja mwaka wake wa adhabu uishe, alihamia Mkongeni na karai lake, na huko wachunga ng'ombe wanakula mihogo kuliko washabiki wote wa mpira.

Habari za shule ni nzuri. Mabwana mifugo wanawahesabu watoto asubuhi na jioni wakipita kwenye geti moja, na kila Ijumaa huwaogesha kwa dawa. Wakaguzi waliandika kwamba hakuna mwanafunzi hata mmoja mwenye kupe, jambo ambalo walimu wa kawaida hawajawahi kulifikia.

Mwezi uliopita nilikwenda Mkongeni kuwasalimia. Nilimkuta Machano amesimama mbele ya josho, shati limechomekewa, chaki sikioni, daftari la mahudhurio mkononi. Ng'ombe arobaini walikuwa wamepangwa mistari minne, wafupi mbele.

"Hajui kazi nyingine," Chausiku aliniambia, akigeuza mihogo. "Mwanzoni walimkimbiza. Sasa wamemzoea. Yule mwenye pembe moja ni kiranja."

Machano aliita majina. Kila ng'ombe aliyeitwa alisogea akaingia kwenye dawa, na kila mmoja aliandikiwa alama ya vema. Wa mwisho alikuwa ndama mwekundu, aliyetokea porini anakimbia, matope hadi magotini, wakati daftari limekwisha kufungwa.

Machano alimtazama kwa muda mrefu.

"Hii ni mara ya tatu wiki hii," alimwambia. "Sitaki maelezo. Kesho uje na mzazi."

Chausiku aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. "Mwalimu," alisema, "mzazi si huyo hapo nyuma yako!"

Machano akageuka. Ng'ombe mkubwa mwekundu alikuwa amesimama karibu yake kabisa, anatafuna, anamwangalia usoni. Machano aliweka chaki chini, akajifuta mikono, akasogeza shati vizuri.

"Karibu, mama," alisema. "Tuongee kidogo kuhusu huyu mtoto."